Ushuru wa Mvuke

Kipupwe kikiingia Pangani, mwezi wa sita na wa saba, mafuta ya nazi huanza kubadilika ndani ya chupa. Usiku kusi imevuma, asubuhi mama anakuta mafuta aliyoweka kwa ajili ya kupaka watoto yamekuwa meupe na mazito, hata chupa ikiinamishwa hayatoki. Haoni ajabu. Anaisimamisha chupa juani barazani, anarudi kwenye mbuzi yake kukuna nazi nyingine, na jua halijapanda sana mafuta yamekwisha kuwa maangavu tena. Mwezi wa kwanza, kaskazi ikitawala, jambo hilo halitokei kabisa. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi za Selsiasi, na usiku wa kipupwe katika pwani ya Tanga hushuka chini ya hapo kwa nyuzi chache tu. Kwa binadamu hiyo ni tofauti ya kujifunika shuka au kutojifunika. Mafuta yanahama kabisa kutoka hali moja hadi nyingine.

Kemia ya darasani huyaeleza mahamo ya namna hii kwa mchoro ambao karibu kila mwanafunzi wa sekondari amewahi kuunakili. Barafu imewekwa kwenye chombo, chini yake pana moto, na kipimajoto kinasomwa kila baada ya muda. Mstari unapanda hadi sifuri, halafu unalala. Barafu yote ikishayeyuka unainuka tena, unakwea hadi mia, kisha unalala mara ya pili, na safari hii unalala muda mrefu hasa. Mwalimu anauliza kinatokea nini pale mstari ulipolala. Darasa zima linaitikia kwamba kitu kinabadili hali. Kisha wanageuza ukurasa.

Inasikitisha kidogo, maana utamu wote uko hapo. Katika sehemu hiyo bapa moto unawaka kama mwanzo, kuni zinapungua kama mwanzo, na kipimajoto hakisogei. Joto linakwenda wapi? Joseph Black, aliyefundisha Glasgow huko Uskoti, alilifuatilia swali hilo kwa vipimo katika miaka ya 1760. Aliona kwamba theluji ya nchi yake haiyeyuki yote kwa mpigo jua likitoka. Kama theluji iliyofika sifuri ingehitaji joto dogo tu la kuimalizia, kila mwisho wa majira ya baridi mabonde yangezolewa na mafuriko ya siku moja. Joto linaloingia bila kuonekana kwenye kipimo akaliita joto fiche.

Kwa mji uliowahi kuwa na forodha, ipo njia nyepesi ya kulifikiria joto hilo. Ni ushuru. Bidhaa ikiteremshwa kutoka jahazini haiongezeki uzito kwa sababu ya ushuru uliolipiwa, wala haibadiliki rangi, lakini bila malipo hayo haitoki forodhani. Pangani ina kumbukumbu zake kuhusu ushuru. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuja kushika forodha na utawala wa pwani, kwa mkataba iliouchukua kwa Sultani wa Zanzibar, na moto ukawaka. Bushiri bin Salim akawa kiongozi mkubwa wa vita ile, mpaka aliponyongwa hapo hapo Pangani Desemba 1889. Swali la nani analipa, na nani anapokea, lina wenyewe hapa. Maji nayo yanaliuliza kila yanapogeuka mvuke.

Kinacholipiwa ni kuachana. Molekuli za kitu chochote hazitulii. Katika yabisi zinatetemeka papo zilipo, katika kimiminika zinatetemeka huku zikipishana, katika gesi zinaruka kila upande. Molekuli ya mvuke wa maji katika hewa ya nyuzi 30, hewa ya kawaida ya alasiri pwani, huenda kwa wastani wa mita 600 hivi kwa sekunde, mbio zinazoipita sauti. Haifiki mbali, kwa kuwa ndani ya sekunde hiyo hiyo inagongana na nyingine mara mabilioni. Jotoridi ni kipimo cha mwendo huo. Basi joto likiingia na jotoridi lisipande, joto hilo halikwenda kuongeza mbio. Limetumika kuzitenga molekuli zilizokuwa zikivutana.

Viwango vya ushuru wenyewe vinajulikana. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji kilojuli 334. Kuyapasha maji hayo kutoka sifuri hadi mia kunahitaji karibu 420. Kuyageuza yote kuwa mvuke, bila kupanda hata uzi mmoja, kunahitaji takriban 2,260. Mlango wa mwisho peke yake unatoza zaidi ya mara tano ya gharama ya njia yote kutoka ubaridi wa barafu hadi mchemko.

Kwa nini maji yatozwe sana hivyo? Jibu linanukia. Maji yakipwa kwenye mdomo wa mto Pangani, tope la mikokoni hutoa harufu ya mayai viza. Hiyo ni salfidi ya haidrojeni, gesi inayotengenezwa na bakteria wanaoishi kwenye tope lisilo na oksijeni. Molekuli yake imeumbwa kwa sura ya molekuli ya maji: atomu mbili za haidrojeni zimeshikana na atomu moja kubwa zaidi, huku ni salfa, kule ni oksijeni. Ile yenye salfa ni nzito karibu mara mbili, 34 kwa 18, na kwa kawaida molekuli zikiwa nzito huwa ngumu zaidi kuchemka. Hapa mambo yamepinduka. Salfidi ya haidrojeni huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri, na maji yanangoja mpaka mia. Laiti maji yangefuata desturi ya jamaa yake huyu wa matopeni, mto wote ungekuwa angani na wavuvi wangevuka kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, kwa miguu.

Sababu ni oksijeni. Inavuta elektroni kwa nguvu kiasi kwamba upande wake wa molekuli huwa na chaji hasi kidogo na pande za haidrojeni huwa na chaji chanya. Haidrojeni ya molekuli moja ikikutana na oksijeni ya jirani, zinashikana, na mshiko huo wanakemia wanauita kifungo cha haidrojeni. Kimoja kimoja ni dhaifu, kinakatika na kufungika tena haraka kuliko akili inavyoweza kufuata. Lakini molekuli moja ya maji inaweza kushikana na jirani wanne kwa wakati mmoja, na anayetaka kuitoa lazima awalipe wote.

Mafuta ya nazi hayana vifungo hivyo. Molekuli zake ni minyororo mirefu ya kaboni, na karibu nusu ya minyororo hiyo ni ya asidi ya lauriki, yenye kaboni 12 zilizonyooka. Zinashikana kwa kani hafifu zaidi, ile inayotokana na elektroni kuyumba upande mmoja kwa kitambo kidogo na kuziyumbisha za jirani. Fritz London, mwanafizikia wa Kijerumani, aliieleza mwaka 1930. Kani hiyo hukua kadiri minyororo inavyolala bega kwa bega. Minyororo ya nazi imenyooka, kwa hiyo inapangana vizuri na kuganda kwenye ubaridi mdogo tu. Ya alizeti ina vipindo, haipangani, na chupa yake hukaa rafu moja na ya nazi kipupwe chote bila kuganda. Wanawake wa pwani wanaolalamika kwamba mafuta ya dukani “hayagandi kama ya kwetu” wanazungumzia vipindo hivyo.

Lakini ushuru wa mvuke hauonekani wazi mahali popote kama kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ya Tanga.

Kazi inaanza na bamvua. Maji ya bahari yakijaa sana huingizwa kwenye majaruba, mabwawa mapana yasiyo na kina, kisha yanahamishwa kutoka jaruba moja hadi jingine kadiri yanavyokolea. Kila lita ilikuja na gramu 35 hivi za chumvichumvi za kila namna, na hizo hazitoki pamoja. Maji yakipungua hadi nusu hivi, chokaa huanza kutua. Yakiendelea kupungua hutua jasi. Chumvi ya kula inasubiri mpaka imebaki kama sehemu moja tu ya kumi ya maji yaliyoingia. Ndiyo sababu ya majaruba kuwa mengi: ya mwanzo yanabaki na chokaa na jasi, la mwisho linapokea fuwele safi. Na anayeijua kazi hayaachi maji yakauke kabisa. Yale ya mwisho yana magnesi nyingi, ni machungu, na yakikaukia humo chumvi inakuwa na uchungu na inavuta unyevu gunia zima. Yanamwagwa.

Sasa hesabu. Kilo moja ya chumvi ya kula imo ndani ya lita kama 37 za maji ya bahari. Kuyavukiza maji hayo, hata bila kuyachemsha, kunahitaji karibu megajuli 90. Mkaa mzuri hutoa megajuli 30 hivi kwa kilo. Kama pasingepotea joto lolote, na jikoni hupotea jingi, kila kilo ya chumvi ingekula kilo tatu za mkaa. Hakuna duka Tanga nzima ambalo lingeweza kuuza chumvi ya namna hiyo. Uvinza, kule Kigoma, watu wamechemsha maji ya chumvi kwa kuni kwa zaidi ya miaka elfu moja, na waliweza kwa sababu chemchemi zao zina chumvi nyingi kuliko bahari. Pwani kuni haziwezi. Pwani analipa jua, na halidai risiti.

Swali ambalo mwanafunzi mwerevu huuliza hapa ni la haki: maji yanachemka kwenye mia, sasa jaruba la nyuzi 35 linatoaje mvuke? Ni kwa sababu jotoridi ni wastani. Ndani ya maji hayo hayo zimo molekuli za polepole na za kasi sana, na iliyo ya kasi ikifika juu usoni kwa maji inaweza kujinasua na kwenda zake. Zinazobaki ni za polepole, kwa hiyo maji yanapoa, na jua linajaza upungufu. Mtungi wa udongo unafanya kazi kwa njia hiyo: maji yanayopenya kwenye vinyweleo vyake yanavukiza na kuchukua joto la yaliyobaki ndani. Jasho nalo ni hivyo hivyo. Pangani mwezi wa pili mtungi huo hausaidii sana na jasho linatiririka tu bila kukauka, kwa kuwa hewa imekwisha kubeba mvuke mwingi na molekuli zinarudi kwenye ngozi karibu kwa wingi ule ule zinaotoka nao. Dodoma, kwenye jotoridi lile lile, mtu anahisi nafuu.

Adui wa mwenye majaruba ni mvua, na kemia yake ina kichekesho. Fuwele ya chumvi imeshikiliwa na chaji kamili, chanya na hasi, wala si chaji kidogo kidogo kama za maji. Kuiyeyusha kwa moto kunahitaji nyuzi 801. Jiko la mkaa likipepewa mpaka mkono uchoke, kijiko cha chumvi kinaweza kukaa juu yake kikalia tu. Mvua ya masika, yenye nyuzi 25, inaimaliza ndani ya dakika chache. Molekuli za maji huizunguka kila chembe yenye chaji, zinaielekezea upande wao unaofaa, zinaing'oa. Kazi ya wiki kadhaa inarudi baharini ikiwa maji.

Hata miti inaijua kazi ya chumvi. Mchu, mmoja wa miti ya mikoko, una jaruba lake dogo kwenye kila jani: hutoa chumvi kwa tezi za jani, na siku kavu punje zake huonekana kwa macho, ukilamba unazionja.

Jua hata hivyo halikubali kulipia kila kitu. Katika karne ya 19 bonde la chini la mto Pangani lilijaa mashamba ya miwa, na sukari na asali ya miwa vilisafirishwa kwa majahazi. Maji ya miwa ni maji kwa zaidi ya sehemu nne kati ya tano. Kilo moja ya sukari inaacha nyuma kama lita tano za kuondolewa. Ukilinganisha na chumvi, ni ushuru mdogo sana. Tatizo ni muda. Maji ya bahari yanaweza kukaa juani mwezi mzima; maji ya miwa yakikaa siku moja yanachacha, yanakuwa ulevi. Kwa hiyo lazima yachemshwe mara tu yanapokamuliwa, na kadiri yanavyokuwa mazito ndivyo yanavyozidi kuwa magumu kuchemka, maana molekuli ya sukari nayo ina oksijeni na haidrojeni za kuyashika maji yasitoke. Mchemko unapita mia, moto lazima uongezwe mwishoni, wakati mtu ameshachoka na rojo linaweza kuungua. Waliokata miwa, waliosukuma vinu na waliokesha wakikoleza kuni chini ya masufuria yale walikuwa watumwa. Historia ya sukari ya Pangani husimuliwa kwa ardhi, majahazi na bei. Ingesimuliwa pia kwa mvuke: lita tano kwa kilo, na migongo ya waliozilipia.

Mto wenyewe unatoka mbali, kama kilomita 500 hivi. Maji ya Kilimanjaro na Meru hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, yanateremka, yanapokea Mkomazi na Luengera kutoka Usambara, yanazungusha mitambo ya umeme Hale na New Pangani Falls, halafu yanaingia baharini katikati ya mji na Bweni. Watu wengi wana picha moja ya chanzo chake: theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inayeyuka, inatiririka. Na wengi wanaamini kwamba theluji ikiisha, mto utakauka.

Theluji hiyo imekuwa na mashaka tangu ilipoandikwa mara ya kwanza. Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa Rabai karibu na Mombasa, aliiona akiwa safarini na kiongozi wake, Bwana Kheri. Aliandika pia masimulizi aliyoyapata Uchagani ya watu waliotumwa juu wakidhani ni fedha, na walichoshuka nacho kikawa maji. Huko London, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyekuwa hajakanyaga Afrika Mashariki, alikataa kwa miaka mingi kwamba theluji inaweza kuwepo karibu na ikweta. Wachaga walioitia kwenye chombo ikayeyuka walikuwa wamekwisha kufanya jaribio. Cooley alikuwa na ramani.

Mwaka 1912 barafu ya mlima ilifunika kama kilomita za mraba 12. Kufikia 2007 zilikuwa hazifiki mbili. Neno linalotumika kila mahali ni kwamba inayeyuka, lakini kileleni wastani wa jotoridi la hewa uko chini ya sifuri kwa nyuzi kadhaa, na sehemu kubwa ya barafu inayopotea huko haipitii maji kabisa. Inageuka mvuke moja kwa moja, jinsi vidonge vya nondo vinavyokwisha ndani ya kabati bila kuacha hata tone. Anayevuka milango miwili kwa pamoja analipa kwa pamoja: karibu kilojuli 2,830 kwa kila kilo. Joto linalotosha kuondoa kilo moja ya barafu kwa njia hiyo lingeyeyusha zaidi ya kilo nane. Ndiyo maana kuta wima za barafu hiyo zimeweza kusimama na kingo kali kwa miongo na miongo chini ya jua la ikweta. Watafiti Georg Kaser, Thomas Mölg na Douglas Hardy wanatilia mkazo ukavu wa hewa: tangu mwishoni mwa karne ya 19 theluji mpya ya kufidia imepungua. Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, aliyechimba barafu hiyo mwaka 2000, anaonyesha dalili za kuyeyuka kwenye tabaka za juu ambazo hazimo kwenye zile za kale. Mjadala huo una uzito kwa tabia ya nchi ya dunia. Kwa mto Pangani una uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa barafu inayogeuka mvuke haitiririki, inakwenda na upepo.

(Wapagazi wa mlima wana somo lao jingine. Kwenye kambi ya Barafu, mita 4,673, shinikizo la hewa ni dogo, na maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi. Yanatokota kwa kelele zote za kawaida, na maharage yanabaki magumu.)

Kinachoulisha mto ni msitu. Mvuke wa Bahari ya Hindi unapanda na upepo, unapoa ukikwea mteremko, unakuwa ukungu na mvua, unadondoka kutoka kwenye majani yenye ndevu za kuvumwani, unazama ardhini na kutoka chini kwenye chemchemi. Mvuke ukirudi kuwa tone, ushuru wote unarudishwa hewani, kilojuli kwa kilojuli. Hewa inayopokea marejesho hayo inapata joto na kupanda zaidi, na yakiwa makubwa kupita kiasi yanaendesha dhoruba. Kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872, kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, kilipata nguvu zake kwenye hazina hiyo, bahari ya joto na mvuke uliokuwa ukigeuka mvua.

Kisha jua linaanza kutoza tena njiani. Milimita moja ikivukizwa kwenye kilomita moja ya mraba ni lita milioni moja. Nyumba ya Mungu limetandazwa kwenye nchi kavu na yenye upepo. Siku ya kupoteza milimita tano, kiasi cha kawaida kwa bwawa la nyanda kavu za joto, ni lita milioni tano kwa kila kilomita ya mraba, na mitambo ya Hale inapata kilichosalia. Hapo hayajahesabiwa mashamba ya mpunga na mifereji. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa 1991, inagawa kitu ambacho sehemu yake imekwisha ondoka kabla hawajakaa mezani. Huku chini, mto ukipungua nguvu, bahari inapanda nao, na wenye minazi kandokando ya mto wanaonja chumvi mahali ambapo zamani palikuwa na maji baridi.

Mkoa huu huu wa Tanga ulitoa swali mashuhuri kuliko yote ambayo Afrika Mashariki imewahi kuuliza kuhusu maji kubadili hali. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, katika milima hiyo ya Usambara. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye jokofu. Siku moja nafasi zilikuwa zinagombewa. Mwenzake mmoja aliingiza maziwa bila kuyachemsha. Mpemba akayaingiza yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye wauza aiskrimu wa mjini Tanga wakamwambia kwamba wao huweka maziwa ya moto makusudi, yagande upesi. Wenye biashara walikuwa wakijua bila kujisumbua na kwa nini.

Akiwa shuleni Mkwawa, Iringa, Mpemba alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza lipimwe: mililita 70 za maji kwenye bika, ndani ya jokofu, juu ya povu la kuzuia joto. Maji yaliyoanza karibu na nyuzi 25 yalichukua muda mrefu zaidi kabla ya kuanza kuganda kuliko yaliyoanza karibu na 90. Walipoyafunika kwa utando mwembamba wa mafuta, kuganda kulicheleweshwa mno. Joto lilikuwa linatokea juu, usoni. Mpemba na Osborne walichapisha makala yao mwaka 1969, na Mpemba akaingia kazi ya wanyamapori. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza iliposhindanisha maelezo ya jambo hilo, yalikuja zaidi ya 22,000. Uvukizaji, mizunguko ya ndani ya maji, gesi zilizoyeyuka, maji kushuka chini ya sifuri bila kuganda kwa kukosa punje ya kuanzia: kila moja ina watetezi wake.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walipima upya. Hawakuona maji ya moto yakitangulia, na wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto kama sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo kunaweza kuleta matokeo yanayofanana na ya Mpemba. Ni onyo la maana kwa yeyote anayerudia jaribio hilo jikoni kwake. Ila walichopima ni muda wa maji kushuka hadi nyuzi sifuri, na saa yao ikasimama hapo, mstari bapa unapoanza, kilojuli 334 za kila kilo zikiwa bado hazijatoka. Wauza aiskrimu wa Tanga hawana ruhusa ya kusimama hapo. Hakuna mtoto atakayenunua maziwa ya nyuzi sifuri kwa bei ya aiskrimu.